Acheni kuisingizia Cassandra: data mliyofuta inarudi kwa sababu hamfanyi repair

Wakuu, imetosha sasa. Kila mara ni uzi uleule: mteja kafutwa, wiki mbili baadaye jina lake limerudi kwenye orodha, na wachangiaji wanahitimisha kwamba Cassandra, hifadhidata inayogawa data kwenye seva nyingi, ni kimeo. Kimeo ni mtu anayewasha klasta (kundi la seva hizo) halafu anaitelekeza.

Cassandra haifuti kitu papo hapo. Ukituma DELETE inaandika alama ya kufutwa, na alama hiyo inatunzwa kwa muda uliowekwa kwenye gc_grace_seconds. Usipobadilisha, ni sekunde 864000, yaani siku 10. Ndani ya siku hizo ni kazi yako kuhakikisha kila replika (kila seva yenye nakala ya data hiyo) imeipata alama. Kazi hiyo ndiyo repair, yaani kulinganisha replika na kuzisawazisha, na kwenye matoleo ya 3 na 4 haina ratiba inayojiendesha yenyewe. Usipopanga wewe, haifanyiki.

Chukua nodi (seva za klasta) tatu, A, B na C, replika 3. Ijumaa saa 12 jioni C inazima. Saa 4 usiku mtu anafuta rekodi kwa QUORUM (replika nyingi zikikubali, inatosha), A na B zinakubali, kazi imekwisha. Nodi ikiwa chini, wenzake huiwekea maandiko yake kwa saa 3 tu za mwanzo, na hapa zimeshapita 4, kwa hiyo C ikiwaka Jumamosi haiambiwi chochote. Siku ya 10 inapita, A na B zinaunganisha mafaili yao na kuitupa alama. Sasa mtu akisoma, swali likaangukia A na C, A haina kitu, C ina rekodi nzima. Hakuna tena ushahidi kwamba ilifutwa! Cassandra inaiamini C, inakurudishia mteja wako, na inamnakili tena kwenye A. Imefanya sawasawa na ilivyoundwa.

Dawa ni `nodetool repair -full -pr`, nodi moja baada ya nyingine, mzunguko mzima uishe ndani ya siku 7 ili ubaki na siku 3 za kurudia ikikwama. Na hapa ndipo wengi wanaboronga: `-pr` inashughulikia sehemu ambayo nodi hiyo ndiyo mmiliki wa kwanza, basi. Ukiiweka kwenye kron (kipanga kazi cha Linux) ya seva moja, sehemu nyingine zote hazijaguswa. Lazima iende kwenye kila nodi, kila kituo cha data. Mkichoka kupanga kwa mkono, Reaper, programu ya kupanga repair, ipo na ni bure.

Nodi iliyozima zaidi ya siku 10 usiiwashe ikiwa na data yake ya zamani. Futa saraka za data, iingize upya kwa `-Dcassandra.replace_address_first_boot` ukitaja IP yake. Na wale wanaoshusha gc_grace_seconds hadi 0 ili onyo la swali kukuta alama za kufutwa zaidi ya 1000 liache kuwasumbua kwenye logi, mnajichimbia shimo lilelile, kwa kasi zaidi.

Saa nazo! Andiko lenye muhuri wa muda wa mbele ndilo linaloshinda. Seva moja ikitangulia sekunde 5, DELETE inayotoka seva nyingine sekunde 2 baadaye inapuuzwa kimyakimya. Siku hizi muhuri huo hupigwa na draiva (maktaba inayounganisha programu yako na Cassandra), kwa hiyo chrony, inayosawazisha saa za seva, iwepo hadi kwenye seva za programu, si kwenye nodi peke yake.

Usalama ndio aibu kabisa. Faili la cassandra.yaml huja na AllowAllAuthenticator: yeyote anayefika anaingia. Mtu anaweka rpc_address (anwani inayopokea maunganisho) kuwa 0.0.0.0 ili "iunganike", na mlango 9042, ambao programu huunganikia, uko wazi kwa dunia nzima. Weka PasswordAuthenticator (inadai nywila) na CassandraAuthorizer (inadhibiti ruhusa), tengeneza msimamizi wako, kisha mvue mamlaka yule mtumiaji wa awali, cassandra mwenye nywila cassandra. Kabla ya hapo pandisha system_auth (panapotunzwa akaunti na nywila) kutoka replika 1 hadi 3 na uifanyie repair, la sivyo nodi moja ikianguka, wale ambao akaunti zao ziko hapo hawawezi kuingia. Milango 7000 (nodi kuongea zenyewe) na 7199 (usimamizi) isionekane nje ya mtandao wa ndani.

Na snapshot (nakala ya papo hapo inayopigwa na nodetool) si bekapu. Ni viungo vinavyoelekea mafaili yaleyale, kwenye diski ileile. Diski ikifa vinakufa vyote. Hamisha nje, kisha rejesha kwa sstableloader (chombo cha kupakia mafaili ya Cassandra) kwenye klasta ya majaribio, uhesabu rekodi.

Kuanzia leo, anayekuja kulalamika kwamba data imefufuka aambatanishe matokeo ya `nodetool status`, thamani ya gc_grace_seconds ya jedwali husika, na tarehe ambayo repair ilimalizika mara ya mwisho kwenye kila nodi. Kila nodi, si moja.