Naombeni ushauri: nina miaka 42, nataka kusomea uigizaji Bagamoyo

Bint Raskazone: Habari za jioni wana jukwaa. Ni mama wa watoto wawili, naishi Tanga, ni karani kwenye ofisi ya mtu binafsi. Mwaka jana nilikwenda Bagamoyo msibani, nikapitishwa TaSUBa, kile chuo cha sanaa, wakati wa tamasha. Vijana walikuwa wanapasha ngoma moto wa makuti: wanapiga, wanasikiliza, wanairudisha motoni mpaka ilie watakavyo. Kisha akatoka mama wa makamo peke yake jukwaani. Hakusema neno, na ukumbi mzima kimya. Tangu siku hiyo usingizi sina. Kumbe hiki ndicho nilichokipenda tangu nikighani ngonjera shule ya msingi! Nikasome, au nimechelewa?

Kibopa wa Chumbageni: Sanaa hailipi. Fuga kuku.

Mzee wa Dunda: Binti yangu, mimi nimekulia hapa Bagamoyo. Chuo kilianza 1981 kikiitwa Chuo cha Sanaa, jina la TaSUBa limekuja 2007. Marehemu Hukwe Zawose alifundisha pale, na zeze lake likilia hupiti njia. Jumba la maonyesho lilipoungua 2002 tulilia kama tumefiwa. Sasa lipo jingine. Niwie radhi, nimetoka nje ya mada.

Ustadhi Mpole: Mke wa mtu alie machozi ya uongo mbele za watu? Mumeo kasemaje?

Bint Raskazone: Mume wangu ni mwelewa. Naombeni mjibu suala la umri.

Mama Chapati: Shoga, umeulizwa mume kasemaje.

Bint Raskazone: Haya. Anajua naenda Dar kusoma uhasibu, ofisi inalipa. Barua ya kuacha kazi nimeshapeleka. Ada nimechukua mkopo SACCOS, yeye ndiye mdhamini. Lakini sina nia mbaya jamani! Nikimwambia leo atakataa. Akiniona jukwaani ataelewa mwenyewe. Na deni litalipika, vikundi vya maigizo vinapata kazi za kuelimisha watu vijijini kuhusu afya.

Mama Chapati: Ukishindwa anakatwa mdhamini. Mimi nilimdhamini ndugu yangu wa damu, leo tunasalimiana misibani tu.

Msoma Nyuzi: Wakuu, hii chai. Kajiunga leo. Kaenda msibani kaishia kwenye tamasha? Huyu ni mwanafunzi anatafuta mada ya igizo lake.

Kibopa wa Chumbageni: Chai ya tangawizi. Na mimi nilishaanza kumhurumia mume.

Bint Raskazone: Shemeji anakaanga chipsi karibu na geti la chuo, ndiyo maana tulipita. Yule mama alikuwa anamtandikia kitanda mwanawe ambaye hatarudi. Kitanda hakipo, shuka haipo, mikono mitupu. Alipochomeka pembe ya nne, wallahi niliiona ile shuka. Nitunge hilo ili iweje?

Mzee wa Dunda: Mimi namwamini. Binti, mwambie mumeo usiku huu huu, kabla SACCOS hawajampigia simu. Masomo yatakungoja.

Msoma Nyuzi: Mzee na mtoa mada ni mtu mmoja. Mods tazameni.

Mama Chapati: Mimi pia namwamini. Nimeshaurusha uzi huu kwenye grupu letu la kina mama wa Raskazone, wamsaidie mawazo.

Bint Raskazone: Grupu gani?