Matetea watano kwenye kundi la kuku wanane: niwachanganyeje?

Kihonda_Kuku

Wakuu, habari zenu. Nina kuku chotara wanane uani, majike saba wa mwaka mmoja na nusu na jogoo mmoja. Utagaji umeanza kushuka, kwa hiyo nataka kuongeza matetea (majike wachanga) watano wa miezi minne hivi. Banda ni mita 2 kwa 1.5, lina kichanja kimoja cha kulalia cha mita 2 na viota viwili. Nje kuna uzio wa mita 6 kwa 4. Wa kwangu walipata chanjo ya kideri miezi miwili na nusu iliyopita. Muuzaji anasema wa kwake "wamechanjwa kila kitu".

Wengi wanashauri niwaingize usiku siku hiyohiyo, ati wakiamka asubuhi wanakuta wameshazoeana. Ni kweli? Banda litatosha? Na chakula nifanyeje, maana wakubwa wanakula cha kutagia na hawa bado?

Ugani_Bonde

Mkuu, weka kwanza suala la ugomvi pembeni. Ugomvi utakupotezea manyoya na damu kidogo, lakini kideri kikiingia kwa kuku wasio na kinga kinaweza kukuachia banda tupu ndani ya wiki. Kwa hiyo siku hiyohiyo hapana, iwe usiku iwe mchana.

Watenge siku 30. Kideri huchukua siku 2 hadi 15 tangu virusi viingie mwilini mpaka dalili zionekane. Na kuchanjwa peke yake hakukuhakikishii chochote kuhusu alichobeba, kwa sababu kuku mwenye chanjo anaweza kuwa na virusi vya kideri na kuvitoa kwenye kinyesi huku yeye mwenyewe anakula vizuri. Muulize muuzaji "kila kitu" ni chanjo zipi, na tarehe ya mwisho ni ipi. Akishindwa kutaja tarehe, hesabu hawajachanjwa.

Siku unapowachukua, mshike kila mmoja. Macho yawe makavu na yawe wazi. Nusa puani: mafua ya kuku yana harufu ya kuoza na mara nyingi uso huvimba chini ya jicho. Papasa mfupa wa kifua, ukikukwaruza kama kisu huyo amekonda. Magamba ya miguu yawe yamelala. Yakiwa yameinuka na yana unga mweupe, kuna utitiri wa miguu. Angalia na ukingo wa macho na upanga (ile nyama nyekundu ya kichwani) kama kuna viroboto waliong'ang'ania. Hao hawatoki kwa kupangusa. Wapake mafuta mazito ya mgando wakose hewa, ila usiyaingize jichoni.

Ratiba ndani ya karantini: siku 3 za kwanza maji yenye vitamini na utulivu tu, wametoka safari. Siku ya 4 dawa ya minyoo. Piperazini hutoa minyoo mikubwa ya mviringo peke yake, levamizoli hushika aina nyingi zaidi. Fuata kipimo cha kwenye pakiti, na kama kuna yeyote ameshaanza kutaga fuata pia siku za kutokula mayai. Siku ya 7, kama wote ni wazima, wape chanjo ya kideri ya I-2, tone moja kwenye jicho kwa kila kuku, mkubwa kwa mdogo sawa. Usimwachie kabla hajapepesa tone likaingia. Wale wanane nao wachanje siku hiyo, maana miezi mitatu yao inakaribia na chupa moja ina dozi nyingi kuliko kuku ulio nao. Waambie majirani kabla hujaifungua. Kinga inahitaji wiki 1 hadi 2 kujengeka, ndiyo maana kumchanja leo na kumchanganya kesho ni kazi bure.

Kama unanunua mnadani badala ya kwa mfugaji, ongeza tahadhari. Pale kuku wa vijiji kumi wamekaa tenga moja. Miezi ya kiangazi, kuanzia Agosti hivi mpaka mvua zinapoanza, ndiyo kideri hutembea sana, kwa hiyo ukiweza kusubiri, subiri.

Banda la Uani

Naongezea kwenye vipimo. Mita 2 kwa 1.5 ni mita za mraba 3. Kuku 13 hapo ni zaidi kidogo ya wanne kwa mita moja ya mraba. Inawezekana kwa sababu una uzio wa nje, ila ndio mwisho, usiongeze wa 14.

Kinachokubana ni kichanja. Kila kuku anahitaji sentimita 20 hadi 25 za kukaa, kwa hiyo 13 wanataka mita 2.6 hadi 3.25, na wewe una 2. Weka cha pili, sentimita 40 kutoka cha kwanza na sentimita 30 kutoka ukutani. Viwe usawa mmoja. Ukikiweka kimoja juu, wote watagombea cha juu na wageni wataishia sakafuni au ndani ya viota, halafu utaanza kulalamika kwamba mayai yana kinyesi. Mti wa kichanja uwe wa upana wa sentimita 4 hadi 5, kona zimelainishwa.

Viota ongeza kimoja: kimoja kwa majike wanne au watano. Kila kuku apate sentimita 10 za ukingo wa chombo cha chakula, ila badala ya chombo kimoja kirefu weka viwili, kimoja ndani na kingine nje, mahali ambapo aliyesimama kwenye kimoja haoni cha pili. Maji hivyohivyo. Mbabe mmoja anaweza kulinda chombo kimoja kutwa nzima. Viwili vinavyofichana hawezi.

Kwenye uzio egemeza mbao au bati kuukuu ukutani, pande zote mbili ziwe wazi. Mgeni anaingia huku anatokea kule. Pembe zenye ncha kali zizibe kwa mbao ya mshazari, huko ndiko kuku hubanwa na kudonolewa mpaka kichwa kinachubuka.

Tembe_Saba

Kuhusu kuwaingiza usiku, tusiuite uongo, ila unaeleweka vibaya. Giza linazuia ugomvi wa saa ile tu. Kuku anamtambua mwenzake kwa sura ya kichwa na upanga, na asubuhi kukipambazuka anaona sura ngeni mlangoni kwake. Kama banda bado limefungwa saa kumi na mbili na nusu na wewe umelala, wamefungiwa pamoja na hakuna pa kukimbilia. Hapo ndipo watu hukuta kuku amechunwa.

Njia nzuri ni wavu kwanza. Siku 30 zikiisha, kata robo ya uzio kwa wavu wa kuku, wageni wakae upande huo siku 7 hadi 10. Vyombo vya chakula viweke karibu na wavu pande zote mbili, wale wakitazamana. Mwanzoni wakubwa watapandisha manyoya ya shingo na kudonoa wavu. Siku wanapokula bila kushughulika na walio ng'ambo, ndipo utoe wavu, hata kama ni siku ya 6 au ya 12.

Utoe jioni, saa kumi na moja hivi, ukiwa na muda wa kukaa pale. Ning'iniza fungu la mchicha au kabichi usawa wa vichwa na mwaga mtama sehemu tatu nne, midomo ipate kazi. Zimebaki saa moja na nusu za mwanga, kisha wote wanatafuta pa kulala. Wageni wasipojua kuingia, wabebe mmoja mmoja uwaweke kichanjani. Kesho yake fungua banda alfajiri kabla hakujapambazuka vizuri. Fanya hivyo siku tatu.

Waingize wote watano pamoja. Mmoja mmoja ni kosa, kila mara kundi linaanza kupanga ngazi upya na yule mmoja anabeba ubabe wote.

Kihonda_Kuku

Shukrani sana wakuu. Tatizo langu ni eneo. Kiwanja ni kidogo, sehemu ya kuwatenga ni stoo upande wa pili wa nyumba, kama mita 8 kutoka bandani. Inafaa? Na nitajuaje ugomvi umezidi?

Ugani_Bonde

Mita 8 na nyumba katikati si mbaya. Anayevusha ugonjwa mara nyingi ni wewe mwenyewe, kwa miguu na ndoo. Weka ndala za stoo zisizotoka stoo, chombo chao cha maji na fagio lao. Kila siku hudumia wakubwa kwanza, wageni mwisho, kisha nawa kwa sabuni. Kinyesi cha stoo usikimwage kwenye bustani ambako wakubwa wanaparua.

Jambo moja ambalo siku 30 hazifichui: kuku aliyepona mafua anaweza kubaki na vijidudu maisha yake yote bila dalili. Kwa hiyo siku 10 za mwisho chukua jike mmoja kati ya wale saba, ambaye uko tayari kumpoteza, mweke na wageni. Mafua yakiwapo, mara nyingi ataanza kupiga chafya au kuvimba uso ndani ya siku chache. Akiugua, wageni wote wasiingie, na yeye asirudi. Kumpa dawa kutaondoa dalili, vijidudu vitabaki.

Tembe_Saba

Ugomvi wa kawaida: donoo la kichwani, kufukuzwa mita mbili tatu, kuzuiwa chakula kwa muda. Hayo yaache. Ukiwatenganisha kila wanapodonoana unawarudisha mwanzo. Wiki ya kwanza ni ya kelele, ya pili inatulia.

Usioukubali ni huu: damu, wawili watatu kumwandama mmoja, au mgeni kukaa juu ya banda kutwa. Damu ikionekana mtoe palepale, kwa sababu rangi nyekundu inawaita wengine wote. Safisha, paka iodini, asirudi mpaka kidonda kimekauka na wekundu hauonekani.

Kipimo kizuri kuliko macho ni gole, ule mfuko wa chakula chini ya shingo. Saa moja usiku papasa gole la kila mgeni kichanjani. Linatakiwa kujaa kama mfuko wa nafaka. Likiwa tupu siku mbili mfululizo, huyo anazuiwa kula, ongeza chombo cha tatu.

Kukiwa na mbabe mmoja, mtoe yeye, si anayeonewa. Mfungie asikoonekana siku 3 au 4. Akirudi anakuta ngazi imepangwa bila yeye. Jogoo wako ataamua magomvi mengi ya majike, ila kama ana kilo 4 na matetea hawajafika 1.5, mtenge mpaka wakue kidogo, atawachana mgongo.

Banda la Uani

Chakula bado hakijajibiwa. Usiwape matetea cha kutagia. Kina kalsiamu karibu asilimia 4, na figo za kuku ambaye hajaanza kutaga haziiwezi kwa muda mrefu. Kwa kuwa huwezi kuwatenganisha wakishaungana, wape wote 13 cha kukuzia, halafu maganda ya konokono wa baharini yaliyopondwa yawe kwenye kopo la pembeni. Anayetaga atayafuata mwenyewe, asiyetaga atayapita. Hesabu gramu 110 hadi 130 za chakula kwa kuku kwa siku, yaani kama kilo 1.5 kwa kundi zima. Rudi kwenye cha kutagia watakapokuwa wote wameanza.

Wakubwa watapunguza mayai wiki moja au mbili baada ya kuchanganya, usibadilishe chakula kwa hofu. Na kama kuna anayeatamia siku hizo, ahirisha kutoa wavu mpaka aangue, au muhamishie yeye na mayai yake chumba kingine usiku.

Kihonda_Kuku

Nimeelewa. Jumamosi naanza na kichanja cha pili na kiota, matetea watakuja baadaye. Swali dogo: huyo jike wa majaribio, nimchague yupi?

Ugani_Bonde

Aliyeacha kutaga muda mrefu lakini mzima wa afya. Na awe hajawahi kuugua mafua, la sivyo hatakuonyesha kitu.