K. 545 ya Mozart: mbona melodi ya kwanza inarudi kwa F badala ya C?

kinanda_na_noti:

Wadau wa nadharia, naomba msaada. Nachambua sehemu ya kwanza ya Sonata ya Mozart katika C meja, K. 545 (K. ni namba yake kwenye orodha ya kazi za Mozart). Kitabu kinasema umbo la sonata lina mafungu matatu: utambulisho, uendelezaji na marejeo, na kwamba kwenye marejeo melodi ya kwanza hurudi kwenye ufunguo mama, yaani ule wa mwanzo. Sasa baa (kipimo cha mapigo) ya 42 melodi inarudi kweli, ila iko F meja. Je, hayo ndiyo marejeo, au bado tuko kwenye uendelezaji? Na kwa mtihani wa kusikiliza, mtu anatofautishaje umbo la sonata, rondo, mabadiliko ya melodi na fuga bila kuona noti?

---

besi_ya_pili:

Mkuu, baa ya 42 ndiyo mwanzo wa marejeo. Kilichokuchanganya ni kanuni jinsi kitabu kilivyoiandika.

Angalia ramani nzima. Sehemu hiyo ina baa 73. Utambulisho ni baa ya 1 hadi 28, uendelezaji 29 hadi 41, marejeo 42 hadi 73. Melodi ya kwanza inaanza C. Baada ya zile ngazi za noti za haraka muziki unasimama kwenye G (baa 11–12), na baa ya 14 melodi ya pili inaingia ikiwa G meja. Fungu linafungwa kwa G, hatua tano juu ya do ya mwanzo.

Hapo ndipo kiini cha umbo hili kilipo. Kuna kitu kimesemwa ugenini, na msikilizaji anadai kisemwe tena nyumbani. Kwa hiyo swali la kujiuliza kwenye marejeo si "melodi ya kwanza iko ufunguo gani?" bali "ile ya pili, iliyokuwa G, imerudi C?" Nenda baa ya 59: imerudi C, na haitoki tena hadi mwisho. Deni limelipwa.

Kuhusu F: wengi husema Mozart alikwepa kazi. Hoja yao ni kwamba kutoka C kwenda G ni hatua tano, na kutoka F kwenda C ni hatua tano vilevile, basi unanakili tu utambulisho mzima kwa F na unajikuta C. Hesabu ya baa inawakatalia. Utambulisho una baa 28, marejeo yana 32. Baa nne zimeongezwa kwenye zile ngazi, ambapo mkono wa kushoto nao unapewa zamu, na njia inapindishwa ili ifike kwenye kituo kilekile cha G kabla ya melodi ya pili. Hakuwa ananakili. Schubert naye alifanya hivyo kwenye Simfoni Na. 5 ya mwaka 1816: sehemu ya kwanza iko B bemoli (B iliyoshushwa nusu hatua), marejeo yanaanzia E bemoli.

Kwenye karatasi andika: "Marejeo, baa 42, yanaanza F meja, C meja inathibitishwa baa 59." Ukiandika 59 peke yake utakosa alama, kwa sababu melodi ya kwanza itakuwa imepita bila kutajwa.

---

fimbo_ya_kwaya:

Naongezea upande wa sikio. Piga C kwenye kinanda, kisha iimbe mdomo ukiwa umefungwa huku sehemu hiyo ikiendelea. Baa za mwanzo C itakaa vizuri. Ukifika melodi ya pili utasikia C yako inasuguana na muziki, na sauti yenyewe itataka kuteremkia B. Hapo do imehama. Kwenye marejeo fanya zoezi lilelile: melodi ya pili ikija, C itakaa bila kusukumwa.

Tahadhari moja kubwa: alama ya kurudia. Utambulisho hupigwa mara mbili, na wanaosikiliza bila noti huudhani ule wa mara ya pili kuwa ni marejeo. Tofauti ni kwamba ukirudiwa ni uleule, noti kwa noti, na unaishia tena ugenini. Marejeo ya kweli hutanguliwa na uendelezaji, yaani lile fungu lisilotulia. Kwenye K. 545 linaanza ghafla G maina (maina ina rangi ya huzuni kuliko meja), likitumia kile kipande kidogo kilichofunga utambulisho, kisha linapita D maina na A maina. Isitoshe, baadhi ya wapigaji huruka marudio kabisa, kwa hiyo usitegemee muda wa rekodi kukuambia uko wapi.

Ukikutana na sonata ya ufunguo maina, ugenini kwa kawaida si hatua ya tano bali meja yenye alama zilezile za ufunguo. Simfoni Na. 5 ya Beethoven (ilipigwa mara ya kwanza Vienna tarehe 22 Desemba 1808) inaanza C maina. Baragumu zinapiga mwito, kisha melodi ya pili, ile laini, inakuja E bemoli meja. Kwenye marejeo melodi hiyo inarudi C, lakini C meja. Mwito wa baragumu nao safari hii umepewa mabasuni. Ukisikia rangi ya ala imebadilika hapo, umeshajua uko wapi.

---

noti_nyeusi:

Kabla hatujaenda mbali: tusichanganye *sonata* na *umbo la sonata*. Sonata ni aina ya kazi, yaani sehemu mbili, tatu au nne kwa piano peke yake au ala moja ikisindikizwa na piano. Umbo la sonata ni ramani ya sehemu moja tu, mara nyingi ya kwanza. Sonata K. 331 ya Mozart haina hata sehemu moja yenye umbo la sonata: ya kwanza ni melodi na mabadiliko yake, ya pili ni minueti, ya tatu ni rondo ya mtindo wa Kituruki. Ile ya Beethoven Op. 27 Na. 2 (Op. ni namba ya kazi), inayoitwa ya mbalamwezi, inaanza na sehemu ya polepole, na umbo la sonata lenye nguvu liko sehemu ya tatu. Anayeandika "sonata, kwa hiyo ABA" (kila herufi ni fungu moja) anabahatisha.

Upande mwingine, simfoni, kwateti ya nyuzi na koncheto ni aina tofauti za kazi, ila ndani yake utakuta ramani ileile.

Sasa rondo. Chukua *Für Elise* ya Beethoven (1810), ambayo kila mwenye kinanda anajua kipande chake cha kwanza na wengi hawajui kingine. Ni A-B-A-C-A. Fungu A liko ufunguo wa A maina. B inaanzia F meja. C ndiyo ile ambayo besi inagongagonga noti ya A ileile huku juu kukiwa kuzito. Kila A inaporudi, iko ufunguo wake na karibu haijaguswa. Hiyo ndiyo alama ya rondo: kiitikio hakihami, wageni ndio wanaobadilika.

Kuna mseto unaoangusha wengi mtihani: rondo yenye tabia ya sonata. Sehemu ya mwisho ya *Pathétique*, sonata ya piano ya Beethoven, Op. 13, ni A-B-A-C-A-B-A. B ya kwanza iko E bemoli, ikirudi iko C. Kiitikio ni cha rondo, lakini B imerudishwa nyumbani kama kwenye sonata. Ukisikia B mara mbili kwa funguo mbili, usiandike rondo tupu.

---

besi_ya_pili:

Mabadiliko ya melodi ndiyo rahisi kuliko yote: hesabu baa. Mozart, K. 265, ana mabadiliko 12 ya ile melodi ambayo watoto huimbia herufi za Kiingereza. Melodi ina baa 24, 8 na 16, kila kipande kinarudiwa, na mifupa hiyo inabaki. Namba 8 inakwenda maina, 11 inapunguza mwendo, 12 inageuka kuwa mapigo matatu. Kukiwa na kituo cha wazi kila baada ya urefu uleule, na mpangilio wa besi ni uleule, hayo ni mabadiliko.

Kanoni ya Pachelbel katika D inayopigwa kwenye harusi iko jirani hapo. Besi ni noti nane tu, *do so la mi fa do fa so*, zinazorudiwa mara 28. Juu yake vayolini tatu zinafuatana, ya pili ikinakili ya kwanza baada ya baa mbili, na ya tatu ikifuata hivyohivyo.

---

kinanda_na_noti:

Asanteni sana, 42 na 59 nimeelewa. Sasa hiyo kanoni na fuga, si zote sauti zinafuatana?

---

fimbo_ya_kwaya:

Zinafuatana, ila kwenye kanoni anayefuata ananakili kila kitu. Kwenye fuga ananakili mada tu, yaani melodi fupi ya mwanzo, kisha yuko huru.

Chukua fuga ya Bach katika C maina, kitabu cha kwanza cha *Das wohltemperierte Klavier* cha 1722 (BWV 847, namba yake kwenye orodha ya kazi za Bach). Sauti tatu, baa 31. Mada inaingia peke yake sauti ya kati, baa ya 1. Baa ya 3 sauti ya juu inajibu kutoka G, na noti moja ya jibu imerekebishwa ili ufunguo usikimbie mapema. Unategemea besi iingie baa ya 5, lakini Bach anakuweka baa mbili, na besi inakuja baa ya 7. Kisha mada inaonekana tena baa 11, 15, 20, 26 na 29. Jumla mara nane. Baa nyingine ni vipito vinavyotumia vipande vya mada.

Kosa la kawaida ni kuifuata sauti ya juu tu. Mada ikiingia besi unaipoteza. Jifunze kuimba mada yenyewe kwanza, halafu itafute. Na usijaribu kuigawa fuga A, B, C: ina maingilio na vipito, haina mafungu ya namna hiyo.

---

noti_nyeusi:

Kwa wanakwaya wanaopitia hapa: *Masihi* ya Handel ni oratorio, hadithi ya dini iliyotungwa kama opera lakini haiigizwi. Iliimbwa mara ya kwanza Dublin, tarehe 13 Aprili 1742. "Haleluya" inafunga fungu la pili kati ya matatu, kwa hiyo si mwisho wa kazi. Mwisho ni "Amina", nayo imejengwa kwa mtindo wa fuga, sauti zikipokezana mada moja kuanzia besi.

Humo pia mna umbo moja ambalo mtihani hulipenda: aria (wimbo wa mwimbaji mmoja) ya A-B-A, ambayo A ya pili haiandikwi, panawekwa tu D.C. (rudia tangu mwanzo) mwisho wa B. Ukiona herufi hizo, hesabu mafungu matatu hata kama karatasi inaonyesha mawili, na sikiliza mapambo: mwimbaji anayejua kazi yake haimbi A ya pili sawasawa na ya kwanza. Rekodi zilizokatwa huishia kwenye A ya kwanza, ndiyo maana majibu ya watu wawili waliosikiliza aria moja hutofautiana.