Kikundi cha Ukoo wa Chumbageni: kopo au FEFO?

Zuhura: Shikamooni wakubwa. Naomba ushauri. Wiki iliyopita kliniki nimepewa FEFO za bure, vile vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi, za mwezi mzima, nikaanza kumeza. Jana jioni mume wangu Hamisi naye kaja na kopo la vitamini za wajawazito, 65,000. Nimeze zipi?

Idrisa: 65,000? Hilo kopo mtoto yumo ndani tayari? 😂

Hamisi: Shemeji acha utani. Nimeambiwa dukani ndiyo bora, zinatoka Uingereza.

Mama Mdogo Tatu: Hongereni jamani. Mwanangu Zuhura, za bure si za kutegemea. Mimi vile vyekundu vilinitapisha mpaka nikavimwaga.

Shangazi Mwanaidi: Tatu, taratibu. Zuhura, marahaba. Mimba wiki ngapi? Damu wamekupima ikawa ngapi? Kisha geuza kopo, nisomee maandishi ya nyuma. Picha ya mbele haituhusu.

Zuhura: Wiki ya 9. Damu 11.2. Kopo limeandikwa chuma 17 mg, foliki asidi 400 mcg, vitamini D 10 mcg, halafu zinki, B12 na mengine mengi.

Shangazi Mwanaidi: Na FEFO?

Zuhura: Ferasi salfeti 200 mg, foliki asidi 0.4 mg.

Hamisi: Si mnaona? Foliki 400 kwa 0.4! Na hicho chuma 200 si kitamuumiza?

Shangazi Mwanaidi: Mkwe wangu, hapo ndipo wengi wanapopigwa. 0.4 mg na 400 mcg ni kitu kimoja, kimeandikwa kwa vipimo viwili. Na ile 200 ni uzito wa ferasi salfeti nzima, chuma chenyewe ndani yake ni kama 60 hivi. Shirika la Afya Duniani linataka mjamzito apate 30 hadi 60 kwa siku. Kopo lako lina 17.

Idrisa: Loh! Kwa hiyo cha bure kimempiga cha 65,000 mara tatu na zaidi.

Shangazi Mwanaidi: Kwa chuma, ndiyo.

Rehema (Leicester, Uingereza): Asalaam aleikum. Mbona huku mkunga aliniambia foliki 400 na vitamini D tu? Chuma nilipewa baadaye, damu ilipokutwa ndogo.

Shangazi Mwanaidi: Waaleikum salaam mwanangu. Huko hamna malaria wala minyoo yetu. Huku wanawake wengi wanabeba mimba akiba ya chuma ikiwa ndogo tayari, ndiyo maana kliniki inampa kila mmoja kila siku bila kungoja damu ishuke. Ikiwa chini ya 11 tunahesabu imepungua. Zuhura kavuka kwa kidogo sana. Kopo limetengenezewa wanawake wa huko kwako.

Mama Mdogo Tatu: Na kutapika je?

Zuhura: Hata mimi kichefuchefu kipo. Halafu choo kimekuwa cheusi, nikaogopa.

Shangazi Mwanaidi: Weusi huo ni chuma, usiogope. Meza usiku ukienda kulala, na chungwa. Si machungwa ya Muheza yapo tele? Chai ya rangi iache mbali na kidonge, saa moja au mbili. Na maziwa pia. Nyumba yetu hii mtu akimaliza kula tu kikombe kiko mdomoni.

Bibi: 🎤 0:52

Idrisa: Kwa wasioweza kusikiliza: Bibi anasema chai yake isiguswe. Enzi zao wajawazito walikunywa kijiko cha mafuta ya ini la samaki kila asubuhi, na watoto walizaliwa na afya. Zuhura anunuliwe.

Shangazi Mwanaidi: Mama, chai yako hatuigusi. Hayo mafuta nakuomba kwa adabu tuyaache. Yana vitamini A ya aina inayoweza kumdhuru mtoto tumboni ikizidi.

Zuhura: Kwa hiyo kopo nilitupe?

Shangazi Mwanaidi: 65,000 ya mtu itupwe? Hapana. Vitamini za mchanganyiko zina kazi yake. Utafiti ulifanyika hapa hapa Dar kwa wajawazito 8,468, ukachapishwa 2007: waliopewa multivitamini walizaa watoto wachache zaidi wenye uzito mdogo. Lakini wote walikuwa wanapewa chuma na foliki vilevile. Kopo ni nyongeza tu, halikai mahali pa FEFO. Nenda nalo kliniki wakaone.

Hamisi: Sawa shangazi. Nilinunua na vile vidogo vya njano, foliki 5 mg.

Shangazi Mwanaidi: Ee! Hivyo nani kakuandikia?

Hamisi: Hakuna. Muuzaji kaniambia vinasaidia.

Shangazi Mwanaidi: Viweke pembeni. Kuanzia wiki ya 13 atapewa SP ya kukinga malaria, na foliki ya 5 mg inaipunguzia nguvu. Hiyo ni ya mama aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi, au anayetumia dawa za kifafa, na anaandikiwa na daktari.

Saida: Mgongo wazi ndio wale watoto wanaopasuliwa MOI, Taasisi ya Mifupa Muhimbili?

Shangazi Mwanaidi: Ndio hao. Foliki haizuii wote, ila inapunguza sana. Na sehemu ile ya mgongo wa mtoto inajifunga kama siku 28 tu baada ya mimba kutunga, mama mwenyewe wengine hawajajua. Foliki inatakiwa iwepo kabla. Nakuona Saida umeingia, harusi yako lini?

Saida: Mwezi ujao Shangazi, si kadi ya mchango umepata 🙈

Shangazi Mwanaidi: Basi anza wiki hii. Foliki ya 400 mcg, kimoja kwa siku.

Saida: Shangaziii, mbele ya wajomba!

Idrisa: Wajomba hatujaona kitu. Tumeona kadi ya mchango tu, na Hamisi bado hajatoa.

Hamisi: Nimemaliza hela duka la dawa.