Gari limeanza kuzimika siku lilipofunguliwa injini, na mafundi wamebadilisha kila kitu isipokuwa kile walichokigusa

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, lakini nitajitahidi kueleza kwa mpangilio ili hata fundi atakayesoma aone hoja yangu iko wapi.

Gari ni Toyota Premio ya mwaka 2008 yenye injini ya 1NZ-FE, ile ya cc 1,497 ambayo imejaa Dar es Salaam kiasi kwamba hakuna fundi anayeweza kudai hajawahi kuikuta. Lilikuwa na tatizo moja tu: gasketi ya tapeti kava (kile kifuniko cha juu ya injini) ilikuwa imechoka, oili ikawa inachuruzika hadi kwenye visima vya plagi, na harufu ya oili inayoungua ikawa inaingia ndani kila tukisimama. Fundi alikuja nyumbani Jumamosi, akafungua koili nne za kuwashia plagi kwa spana namba 10, akachomoa mipira iliyounganishwa na kava, akabadilisha gasketi na kurudishia. Mimi ndiye niliyekuwa nimemshikia tochi ya simu. Oili ilikoma kuvuja, nikamlipa bila kunung'unika.

Jioni ile ile gari lilizimika kwenye mataa ya Buguruni. Mguu uko kwenye breki, gia iko D, mshale wa mizunguko unashuka kutoka 700 hadi karibu 400, gari linatetemeka kama mgonjwa wa malaria, kisha kimya, na nyuma yangu honi zinaanza. Ukiwasha linawaka mara moja. Ukikanyaga mafuta linakwenda vizuri kabisa. Nilikwenda nalo Kibaha na kurudi, na barabarani halikukosa hata mara moja. Linakufa likiwa kwenye sailensi tu, yaani injini inapounguruma bila kukanyagwa mafuta.

Nilimpigia fundi aliyelifungua, akanijibu kwamba yeye alishughulikia oili, na habari ya kuzima ni "tatizo jingine lililokuja lenyewe". Lije lenyewe, saa nne baada ya yeye kufunga boneti!

Fundi wa pili nilimweleza yote, tangu siku ya gasketi hadi safari ya Kibaha. Hakufungua hata boneti. Alisema mafuta hayafiki, kwa hiyo ni pampu, nikatoa shilingi 120,000 za pampu ya mtumba na 40,000 za ufundi. Mimi si fundi, lakini hata mimi najua kwamba pampu iliyochoka huanza kukosa nguvu pale injini inapodai mafuta mengi, yaani kwenye mlima au kwenye mwendo wa kasi, na gari langu huko ndiko lilikokuwa zima. Nilinyamaza kwa heshima ya taaluma ya mtu, na heshima hiyo imenigharimu 160,000. Gari lilizimika kabla sijafika nyumbani.

Wa tatu angalau alikuwa na mashine ya kupimia. Ilitoa kodi ya hitilafu P0171, ambayo maana yake ni kwamba mchanganyiko una hewa nyingi kupita kiasi ukilinganisha na mafuta. Kodi hiyo haitaji kifaa chochote kuwa kibovu, inaeleza hali tu. Yeye akaitafsiri kuwa sensa ya oksijeni ya kwenye eksozi imekufa, akanituma kwenye maduka ya vipuri ya mtaa wa Gerezani kununua nyingine. Sensa ndiyo iliyokuwa ikisema ukweli kuhusu hewa iliyozidi, na shahidi huyo ndiye aliyefukuzwa mahakamani. Taa ya injini ilirudi baada ya siku mbili.

Baada ya hapo nilinunua kifaa kidogo cha kusomea kwa simu, nikakaa na gari langu mwenyewe. Kompyuta ya injini hii huhesabu hewa inayopita kwenye sensa iliyo karibu na kichujio, kisha hupima mafuta kulingana na hesabu hiyo, kwa uwiano wa takribani sehemu 14.7 za hewa kwa 1 ya mafuta. Hewa inayoingilia kwenye tundu lililo baada ya sensa, kuelekea injini, haihesabiwi. Kwenye sailensi injini huvuta hewa kidogo sana, hivyo tundu dogo huwa sehemu kubwa ya hewa yote. Ukikanyaga mafuta, tundu lile lile halionekani. Nilichokisoma kilikuwa hivyo hasa: kwenye sailensi kompyuta ilikuwa imeongeza mafuta zaidi ya asilimia 20, na nilipopandisha mizunguko hadi 2,500 nyongeza ikashuka karibu na sifuri.

Nilichukua chupa ya kupulizia maji ya kupigia pasi (wapo wanaotumia petroli kwa kazi hii juu ya injini ya moto, na siwaelewi), nikapulizia mpira mmoja baada ya mwingine kutafuta tundu, maana maji yakiliziba kidogo injini hubadilika. Nilipofika kwenye ule mfupi unaotoka kwenye tapeti kava kwenda manifoldi ya kuvutia hewa (bomba linalogawa hewa kwenye silinda), injini ilikohoa, ikatulia kidogo, ikarudia kutetemeka. Nikauchomoa. Kwa juu ulikuwa mzima. Kwa chini, mahali ambapo tochi yangu haikufika, ulikuwa na ufa wa urefu wa kucha ya kidole gumba, pamoja na alama ya bisibisi iliyotumika kuukwanyua siku ile ya Jumamosi. Mpira mpya ulikuwa shilingi 15,000. Gari halijazimika tena.

Sensa siwezi kuirudisha, kwa kuwa risiti imegongwa muhuri wa "bidhaa ikishauzwa hairudishwi", hilo nimelimeza. Pampu yangu ya awali, ambayo sasa najua ilikuwa nzima, fundi wa pili aliondoka nayo akisema ni chuma chakavu. Jana nilimpigia kumwomba anirudishie. Akasema haiwezekani, kwa sababu ameshaifunga kwenye gari la mteja mwingine. Nikamuuliza iwapo mteja huyo anajua kwamba amefungiwa pampu mbovu. Akakata simu.