Naomba ushauri: vivuli vinapauka rangi ya mafuta ikikauka

Habari zenu ndugu. Mimi si mchoraji wa kazi, nachora kwa mapenzi tu baada ya shughuli za kutwa. Natumia rangi za mafuta kwenye vibao vidogo, sentimita 15 kwa 20, kimoja kwa kikao kimoja. Udogo huo umenifundisha mengi: huna nafasi ya kuhangaika na kila kitu, unatafuta mwanga umeangukia wapi, basi.

Shida ni hii. Nilichora kitunguu kimoja juu ya kitambaa cheusi. Rangi ikiwa mbichi, kivuli kilikuwa kizito, kinang'aa. Wiki 2 baadaye kimepauka kabisa, utadhani vumbi limetua juu yake, ilhali ganda, nilipoweka nyeupe nyingi, bado lina mng'ao. Nikipitisha pamba yenye maji weusi unarudi. Maji yakikauka, unapotea tena.

Nahisi kibao kinanyonya mafuta, maana nilikipaka jeso (ile rangi nyeupe ya msingi inayopakwa kabla ya kuchora) mara moja tu, na rangi ya kivuli niliizimua sana kwa tapentaini. Je, niongeze tabaka za jeso kwenye vibao vijavyo? Na hiki, nikipake mafuta kidogo ya kitani hapo palipofifia kisha nifute yote yanayobaki juu? Vanishi najua ni ya kusubiri, miezi 6 au zaidi.

Mliokwisha kupitia hili, nielekezeni tafadhali. Kile kivuli ndicho kilichonifanya nikichore kitunguu chenyewe.