Sahani ya jirani iko kwangu tangu Machi, nairudishaje na hii korona?

binti_wa_kichochoroni
Asalaam aleikum, na Ramadhani njema kwa wanaofunga. Nina swali, naomba msilione la kitoto maana lanikosesha usingizi.

Mimi niko Mji wa Kale, Mombasa. Tumefungiwa tangu Jumatano tarehe 6 Mei 2020, hakuna kutoka wala kuingia, mikahawa yote imefungwa. Sasa jikoni kwangu kuna sahani ya jirani, ile nyeupe yenye maua ya buluu, na chini ameiandika herufi ya jina lake kwa rangi ya kucha isije ikapotelea kwenye maharusi. Aliniletea mkate wa kumimina katikati ya Machi, siku chache tu baada ya kutangazwa yule mgonjwa wa kwanza Kenya tarehe 13, na sote tulidhani ni mambo ya wiki mbili yatapita. Nikaiosha nikaiweka juu ya kabati nikisema nikipika kitu cha maana nitairudisha, si mwajua sahani ya mtu hairudi tupu. Ndio mpaka leo.

Miaka yote Ramadhani ikifika saa kumi na mbili kasoro watoto wanapishana vichochoroni na sahani zimefunikwa kawa, watoa kaimati wapokea viazi karai, watoa tambi wapokea mbaazi, mpaka hujui futari ya leo kaipika nani. Mwaka huu kimya. Ikiadhiniwa magharibi nasikia vijiko vya nyumba ya pili vikigonga bakuli, kitu ambacho sikuwahi kukisikia maishani mwangu na nimezaliwa hapahapa.

Huyu jirani ni mtu mzima, ana sukari na presha, anakaa peke yake ghorofani mkabala na mlango wangu. Mwanawe yuko Mtwapa, na tangu tarehe 8 Aprili hawezi kuvuka daraja kuja kumuona kwa vile kule ni Kilifi na kaunti zimefungwa. Jana akaniita kutoka dirishani, "Mwanangu, mwafuturu nini leo?" Nikamjibu lakini wallahi nilitamani nijifiche. Nikimpelekea chakula naogopa nitampelekea na maradhi, nisipompelekea naona kama nimemtupa. Nyinyi wenzangu mnafanyaje?

mpangaji_umoja
Pole sana dada. Huku Umoja, Nairobi mambo ya sahani si mengi lakini nakuelewa. Plot yetu ni nyumba kumi na mbili bomba moja, na kafyu ni saa moja, so kuanzia saa kumi na moja ni mbio tu, matatu ya watu 14 inabeba 8 na nauli imepanda, wengine wanatembea kutoka Industrial Area. Ikifika saa moja kila mtu yuko ndani. Nimeanza kuwajua majirani kwa kukohoa. Kitambo mtu angekohoa usiku hakuna mtu angeshtuka, siku hizi mtu akikohoa mara moja plot nzima inanyamaza, hata redio zinapunguzwa, tunasikiliza kama atakohoa tena. Naona vibaya sana kwa huyo anayekohoa, na mimi ni mmoja wa wanaosikiliza.

Kwa maoni yangu acha sahani hapo hapo, mtumie kitu kidogo kwa M-Pesa, chini ya elfu moja mwaka huu wa 2020 haukatwi. Sahani haiozi.

mama_wawili_temeke
Hapana kaka yangu, samahani, pesa siyo futari. Huyo mama hajauliza hela, ameuliza mnakula nini.

Sisi Dar hatujafungiwa ndani, ila shule zimefungwa tangu Machi na kila duka lina ndoo ya maji tiririka mlangoni, na woga upo msidanganyike. Mimi na jirani yangu tumeweka stuli kati ya milango yetu. Anaweka uji pale, anapiga hodi, anarudi nyuma mpaka kwenye mwembe, ndiyo natoka. Habari zetu tunapiga kwa sauti mtaa mzima unasikia. Stuli imeshapauka rangi kwa kufutwa na sabuni lakini hakuna siku imelala bila kitu juu yake. Mpelekee mwenzio chakula.

nesi_pwani
Nafanya kazi hospitali, acha niseme ninachojua. Kubwa la kuogopa ni pumzi ya mtu na mtu wakikaa karibu, zaidi kuliko sahani. Kirusi hiki kina ganda la mafuta na sabuni ya kawaida inalivunja, kwa hiyo osha sahani, osha mikono sekunde ishirini, vaa barakoa unapopakua, chakula kiwe cha moto, na usiingie ndani kwake wala msisimame mkaongea uso kwa uso. Na kwa vile ana sukari usimpelekee vitu vya shira. Hali yake ya kukaa peke yake nayo inanitia wasiwasi, mtu wa presha anahitaji wa kumwita.

wa_matrah
Nawasoma kutoka Matrah, Oman, sisi tulifungwa tangu tarehe 1 Aprili. Mama yangu ni mzaliwa wa Zanzibar. Kuna bakuli la jirani lilikuja na harisi kabla ya kufungwa, kila Ijumaa analiosha upya na halijatumika. Nikimuuliza anasema lisije likaonekana limesahauliwa.

binti_wa_kichochoroni
Mungu awalipe nyote, na wa Matrah nisalimie mama, umeniliza.

Leo nimepika mbaazi za nazi na mahamri mawili, nimefanya kama alivyosema nesi. Nikasimama chini nikamwita. Kumbe ana kikapu chake cha ukindu chenye kamba, kile alichokuwa akinunulia mboga kwa wapitao, akakishusha pole pole nikaweka sahani imefunikwa, akavuta. Alipoiona akasema, "Hata sikuwa na habari nayo, nilikuwa nakungoja wewe."

Baada ya isha nasikia naitwa tena. Kikapu kiko mlangoni. Sahani ileile, ina tende saba.

Basi iko tena juu ya kabati langu. Kesho sijui nipike nini, mwenye wazo lisilo na shira anipe.